Kitalu cha parachichi Njombe: miche mizuri, na mafundi wasioficha ujuzi

Msimu uliopita nilipoteza miche 22 kati ya 40 ya parachichi aina ya Hass niliyoletewa na muuzaji mmoja ambaye hakuwa tayari kunieleza vikonyo vyake, yaani vijitawi vinavyounganishwa juu ya mche, vilikatwa lini wala kwenye mti gani. Ndiyo maana kilichonivutia zaidi katika kitalu hiki, kilichopo nje kidogo ya mji wa Njombe, ni kwamba mteja anaruhusiwa kusimama karibu na meza ya kubebeshea, yaani ya kuunganishia kikonyo na mche, na kuuliza kila kitu.

Fundi aliyenipokea alichukua mche wa parachichi la kienyeji uliofikia unene wa penseli, akaukata juu, akaupasua katikati, kisha akachonga kikonyo pande mbili kama kabari. Kabla ya kukiingiza alinionyesha mstari mwembamba wa kijani chini ya gome, akaeleza kwamba shina na kikonyo visipogusana hapo, japo kwa upande mmoja, haviungani hata vikikazwa namna gani. Kikonyo kilikuwa chembamba kuliko shina, hivyo alikisogeza pembeni badala ya kukiacha katikati, na hapo ndipo nilipolitambua kosa nililokuwa nikilirudia nyumbani. Alifunga nailoni kuanzia chini kwenda juu ili maji yasipenye, na kisu akakifuta kwa spiriti kabla ya kugusa mche uliofuata.

Wenye vitalu vya jirani nao hufika hapo, hupeana vikonyo na kuelezana bila kificho ni miche mingapi imekufa na kwa nini. Siku niliyokuwepo, mama mmoja alisimulia jinsi miche yake ilivyooza mizizi baada ya kuotesha kokwa za matunda aliyookota chini ya miti, na wenzake wakamsihi achume matunda yakiwa bado mtini. Ushauri huo si wa kupuuza, kwa kuwa hata mti mama wa Hass, ulioota katika shamba la Rudolph Hass huko California na ambao ndio asili ya vikonyo vyote vya aina hiyo duniani, ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa kuoza mizizi.

Kasoro zipo. Viriba havina lebo ya tarehe ya kubebeshwa, jambo ambalo kitalu chenye mafundi makini kiasi hiki hakipaswi kuliacha, na siku ya mafunzo tulikuwa watu 12 tukigombea visu vitatu. Bei nayo iko juu kidogo kuliko ya miche inayouzwa barabarani, lakini kati ya miche 30 niliyoinunua hapo, 29 inachipua vizuri baada ya miezi minne.

Mvua zikianza nitarudi kuchukua mingine 50, na safari hiyo nitabeba kisu changu mwenyewe.