Cherehani ya mifarishi: uliza sentimita kwanza, mishono baadaye

Baridi ikishaanza kukaza Makete na Njombe, malalamiko yanayonifikia ni ya namna moja. Mtu kajikusanyia hela, kanunua cherehani ya kompyuta yenye mishono mia na kitu, kaunganisha viraka vyake vya vitenge vizuri kabisa, halafu akifika hatua ya kuupitisha mfarishi mzima, yaani viraka, pamba na kitambaa cha chini pamoja, chini ya sindano, unagoma kuingia. Anadhani hajui kushona. Anajua sana. Kauziwa cherehani ya magauni.

Kinachofichwa kwenye matangazo ni uwazi ulio kati ya sindano na nguzo ya kulia ya cherehani. Chukua kitanda cha sita kwa sita. Mfarishi wake, ukitaka ushuke kidogo pembeni, unafika sentimita 220. Ukishona mstari wa katikati, nusu nzima, yaani sentimita 110 za kitenge, pamba na kitambaa cha chini, inabidi uviringe na uipenyeze kwenye uwazi ule. Cherehani nyingi za nyumbani zina sentimita 16 hivi. Roli hilo la mfarishi ulioviringwa linajaa hadi mkono unakosa pa kushika. Unasukuma, mishono inafupika, sindano inapinda na kugonga bamba, na mstari ulioanza umenyooka unaishia na kona kama barabara ya kupanda Kitulo. Na sisi wa huku hatushoni mifarishi ya kutundika ukutani. Tunataka wa kulalia Juni na Julai, kwa hiyo pamba tunaweka nene, na wengine huweka blanketi kuukuu katikati. Roli linazidi kunenepa.

Kwa hiyo cherehani yenye uwazi wa chini ya sentimita 20 mimi siiweki kwenye orodha hii, hata iwe na skrini kubwa kama ya simu.

Namba moja ni Juki TL-2010Q, na mapenzi yangu kwake sifichi. Ina mshono mmoja tu, ule wa kunyooka, na ndio mfarishi unaohitaji. Uwazi wake ni sentimita 21 na nusu hivi. Inakwenda hadi mishono 1,500 kwa dakika, mwili wake ni wa aluminiamu, ni nzito, haitembei mezani. Meno yake ya kusukuma kitambaa yanashuka ukitaka kuchora maua kwa kuzungusha kitambaa mwenyewe. Kuna wenzo wa goti: unainua mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, kwa goti huku mikono yote miwili imeshikilia roli. Aliyewahi kuachia roli zito ili anyanyue mguu kwa mkono, likateleza hadi chini na kuvuta mshono, ataelewa kwa nini nalithamini goti kuliko mambo mengine yote.

Utaniuliza mbona Janome Memory Craft 6700P, yenye uwazi wa sentimita 25, naiweka ya pili. Ni kwa sababu ya mafundi. Fundi wa Mbeya au Iringa amekulia kwenye Juki za viwandani. Mshono wa kunyooka, mafuta na mkao wa uzi anavijua kwa mkono. Janome ina mishono 200 na kompyuta ndani, na umeme ukija kwa kishindo baada ya kukatika, kompyuta ndiyo inayoumia kwanza. Ila kama unashona pia nguo na kupachika maumbo ya vitambaa juu ya mfarishi, hapo mshono wa zigizaga utauhitaji. Chukua Janome, na siku hiyo hiyo nunua stebilaiza, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka.

Bernina 770 QE ya Uswisi nayo ina sentimita 25, pamoja na kifaa kinachosoma mwendo wa kitambaa na kulinganisha urefu wa mishono unapochora kwa mkono huru. Kwa ushonaji inazishinda zote mbili. Lakini kwa bei yake unapata Juki zaidi ya mbili, na kipuri kikihitajika utakisubiri kutoka mbali.

Za bei ndogo: Butterfly ya miguu inaunganisha viraka vizuri sana. Iachie kazi hiyo.

Sasa nije kwa wauzaji, maana wameniudhi. Cherehani nyingi nzuri zinazofika huku zikiwa zimetumika zimetoka Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, volti 120. Wetu ni 230. Muuzaji anakwambia «mama, hii ni original», anakutajia mamilioni bila haya, na neno volti halimtoki mdomoni hadi moshi utoke. Ukimrudia, kosa linakuwa lako, uliichomeka vibaya! Transfoma ya kushusha umeme ingetosha kuiokoa, na yeye alijua wakati anapokea hela yako.

Kabla ya kutuma hata shilingi, mwambie akupigie picha mbili. Moja ya kibao kidogo cha chini au karibu na tundu la waya, kinachoonyesha volti. Nyingine ya rula iliyolazwa kutoka kwenye sindano hadi kwenye nguzo, tarakimu zisomeke. Akikujibu «njoo tu dukani utaiona», na wewe uko Tukuyu na duka liko Kariakoo, tafuta muuzaji mwingine.