Kikokotoo cha umbali na muda wa ndege: uzoefu wangu kwa safari ya Mtwara hadi Mwanza

Kwa sisi tunaoishi Mtwara, kwenda Mwanza ni kuvuka nchi kutoka pembe moja hadi nyingine, kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Viktoria, na kwa sababu hiyo kabla ya kukata tiketi nilitumia kikokotoo cha mtandaoni kinachotoa umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili.

Kuhusu umbali sina malalamiko. Kilinipa takriban kilomita 1,190, yaani njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, na nilipokokotoa mwenyewe kwa latitudo na longitudo za viwanja hivyo viwili nilipata jibu lilelile. Kinatoa pia maili na maili za baharini, hakilazimishi mtu kujisajili, na hakimalizi bando.

Muda ndio unaopotosha. Kiliandika saa 2, jibu linalotokana na kugawa umbali kwa mwendo wa ndege ya jeti, kilomita 800 na ushei kwa saa, kisha kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hesabu hiyo ingefaa iwapo ndege ingekwenda moja kwa moja, lakini tiketi niliyoipata ilinipitisha Dar es Salaam. Mtwara hadi Dar ni kilomita 400 hivi za angani, na Dar hadi Mwanza ni 850 hivi, kwa hiyo mzunguko wenyewe unaongeza kilomita 60 tu, ambazo si kitu. Kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili, na mimi nilisubiri kwa muda mrefu kuliko niliokaa hewani katika vipande vyote viwili. Isitoshe, kipande cha kwanza nilipanda pangaboi, ambayo mwendo wake ni mdogo kuliko wa jeti, nacho kikachukua karibu saa nzima. Atakayemwambia mwenyeji wake wa Mwanza aje kumpokea baada ya saa mbili atamchosha bure.

Kikokotoo kilinifaa zaidi nilipoingiza kila kipande peke yake, kisha nikajumlisha na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye tiketi. Ndugu zetu wa Lindi wanaopandia ndege Mtwara waongeze pia kilomita mia na kidogo za barabara, na wanaofikiria basi wasiutumie umbali wa angani hata kidogo, kwani kwa barabara Mtwara hadi Dar peke yake ni zaidi ya kilomita 550.

Ninakipendekeza kwa umbali. Kwa muda nitasita kukisifu mpaka waandaaji wake waweke nafasi ya kujaza mji wa kubadilishia ndege, kwa sababu abiria wengi wa huku Kusini hupitia Dar.