Kaktasi Tatu za Kitalu cha Kando ya Barabara: Mimea Mizuri, Vyungu Vibaya

Mwezi Februari nilinunua kaktasi tatu katika kitalu cha maua jijini Dar es Salaam, kila moja kwa shilingi 15,000 pamoja na chungu chake, na kwa kuwa zimepitia masika yote mikononi mwangu, naona naweza kukitathmini kitalu hicho kwa haki, ingawa jina lake sitalitaja. Mimea ilikuwa na afya, haina kovu wala mdudu. Kasoro ilikuwa katika vyungu, ambavyo havikutobolewa hata tundu moja, vikajazwa udongo wa mfinyanzi na samadi, kisha vikafunikwa kokoto nyeupe zilizogandishwa kwa gundi, hata mnunuzi asiweze kujua kama chini kumelowa au kumekauka. Muuzaji alinishauri nimwagilie kila baada ya siku mbili.

Ya kwanza kubadilika ilikuwa ile ya mviringo yenye miiba ya dhahabu, ambayo ilianza kuwa ya njano kwenye shina, ikageuka kahawia, na ilipobonyezwa ikabonyea kama papai lililoiva. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa myeusi na inanuka. Mizizi iliyokosa hewa huoza na kushindwa kuvuta maji, hivyo mmea hunywea, na mwenye nao, akidhani una kiu, huuongezea maji yale yale yanayouua. Ukahawia mkavu na mgumu kama gome, unaopanda polepole kutoka chini, ni uzee tu na hauhitaji tiba.

Ya pili, iliyosimama kama nguzo, ilipata mabaka meupe upande wa magharibi baada ya kuihamishia barazani. Hapo sehemu ya lawama ni yangu, lakini kitaluni ilikuwa chini ya neti ya kivuli na hakuna aliyeniambia kwamba jua la alasiri huibabua kaktasi isiyolizoea. Mabaka hayo hayafutiki. Dawa ni kuizoesha jua la asubuhi kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi.

Ya tatu ina kichwa chekundu, ambacho muuzaji alikiita ua. Si ua. Ni kaktasi nyingine isiyo na klorofili, yaani ile rangi ya kijani ambayo mmea hujitengenezea chakula kwayo, iliyobebeshwa juu ya shina la kijani ambalo ndilo linaloilisha, kwa hiyo shina likiugua kichwa nacho hupauka na kufa. Hii ilishambuliwa na vidung'ata, wale wadudu wanaofanana na pamba, nikawafuta kwa spiriti.

Mbili zilizobaki nimezihamishia katika vyungu vya udongo vyenye matundu, nusu mchanga wa mto wenye chenga kubwa na kokoto ndogo, nusu udongo wa kawaida. Namwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha nangoja hadi kijiti cha mshikaki nilichokichomeka mpaka kwenye kitako kitoke kikavu kabisa. Wakati wa masika, kwa unyevunyevu wa Dar, zilikaa chini ya paa wiki nyingi bila tone.

Mimea ya kitalu hiki naipa alama za juu, ushauri wake naupa sifuri. Juni nilirudi kununua nyingine ya mviringo, nikaiomba bila chungu, na muuzaji, bila kubisha, akanipunguzia shilingi 6,000.