Kusoma Habari kwa Mpangilio Wako: Tathmini ya Programu za Milisho kwenye Simu

Kwa muda wa miezi mitano nimeacha kusoma habari kupitia programu zinazonichagulia cha kusoma, na badala yake nimetumia programu za kusomea milisho peke yake: Feeder kwenye simu ya Android, NetNewsWire kwenye iPhone, Inoreader na Feedly kwenye simu zote mbili, na NewsBlur katika majuma matatu ya mwisho. Zote nilizipa orodha ileile ya tovuti 62, zikiwemo za magazeti, majarida ya sayansi, watunzi wa programu na waandishi binafsi wanaochapisha labda mara moja kwa mwezi. Jambo nililotaka kulipima lilikuwa moja: je, programu inanionyesha kila kilichochapishwa na wale niliowachagua mwenyewe, kwa mpangilio wa wakati, kisha inaniacha nifike mwisho?

Kwa asiyewahi kuutumia, mlisho ni faili ndogo ambayo tovuti huiweka wazi kwenye seva yake, ikiwa na vichwa vya makala za karibuni, tarehe, viungo, na mara nyingine makala zenyewe. Programu huipitia faili hiyo kila baada ya muda, huilinganisha na ilichokwisha kukiona, na kukuletea kilicho kipya. Mtindo huu, uitwao RSS, ulianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape. Toleo la 2.0 lililotoka mwaka 2002 bado linatumika kwenye tovuti nyingi, pamoja na mwenzake Atom uliosanifishwa mwaka 2005. Podikasti nazo huwafikia wasikilizaji kwa njia hiihii. Kati ya mwandishi na msomaji hakuna mtu wa tatu anayeamua kwamba makala hii ipande juu kwa kuwa imewaudhi wengi, au ile izame kwa kuwa mwandishi wake hana wafuasi. Mimi nilizirudia programu hizi kwa sababu hiyo, na ni sababu inayotosha.

Kuanza si kugumu kama wengi wanavyodhani. Hulazimiki kuitafuta anwani ya mlisho: unabandika anwani ya kawaida ya tovuti, na programu inaupekua ukurasa wenyewe, kwa kuwa tovuti nyingi hutaja mlisho wao ndani ya msimbo usioonekana kwa msomaji. Katika tovuti zangu 62, ni saba tu zilizonisumbua. Nne kati yake zilipatikana nilipoongeza neno «feed» mwishoni mwa anwani, kwani ndivyo zinavyofanya tovuti zilizojengwa kwa WordPress, programu maarufu ya kujengea tovuti, hata pale wenye tovuti hawajaweka kitufe chochote cha kuutangaza mlisho.

Tofauti kubwa kati ya programu hizi haiko kwenye rangi wala mpangilio wa skrini, ingawa hayo ndiyo yanayozungumzwa zaidi. Iko kwenye swali la nani anayekwenda kuuchukua mlisho. Feeder inauchukua yenyewe, kutoka kwenye simu yako moja kwa moja hadi kwenye tovuti, na haihitaji akaunti yoyote. NetNewsWire nayo inaweza kufanya hivyo. Inoreader, Feedly na NewsBlur zina seva zao zinazozipitia tovuti mchana na usiku, na simu yako inakwenda kwenye seva hizo kuchukua yaliyokusanywa. Anayechagua programu bila kuielewa tofauti hii atakuja kushangaa baadaye, kama nilivyoshangaa mimi miaka iliyopita.

Sababu ni kwamba mlisho haubebi kila kitu. Hubeba makala za karibuni tu. Katika WordPress, kwa mfano, idadi ya kawaida ni 10, isipokuwa mwenye tovuti aibadilishe. Mwandishi anayechapisha mara mbili kwa wiki hawezi kukupotea. Lakini gazeti linalochapisha makala 40 kwa siku huzisukuma nje makala za asubuhi kabla ya jioni kufika, na kama simu yako ilikuwa imezimwa au haikuwa na mtandao, makala hizo hazitaonekana kamwe katika programu inayojichukulia yenyewe. Nilijaribu kwa makusudi: niliizima simu kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumapili jioni. Nilipoiwasha, Feeder iliniletea kutoka kwenye gazeti moja makala 20 zilizokuwa bado ndani ya mlisho. Inoreader, ambayo seva yake haikulala, ilikuwa na 73 za gazeti hilohilo. Si kosa la Feeder. Ndivyo mlisho ulivyo. Ila ni jambo ambalo msomaji anastahili kulijua mapema, hasa kama kazi yake inamtaka asikose hata kichwa kimoja.

Tena simu zenyewe zinaongeza ugumu. Kwenye iPhone, mfumo wa simu ndio unaoamua ni lini programu iruhusiwe kufanya kazi chinichini, na muda uliouweka wewe unabaki kuwa ombi. Kwenye Android, hali ya kuokoa betri inaweza kuahirisha upakuaji kwa saa nyingi. Katika Feeder niliitatua hali hiyo kwa kuiondolea programu vikwazo vya betri katika mipangilio ya simu, na sikuona betri ikiisha upesi kuliko kawaida. Hilo halikunishangaza, kwani mlisho usiobadilika hauchukuliwi upya: programu inauliza kama kuna kipya tangu mara ya mwisho, seva inajibu kwa maneno machache kwamba hakuna, na mazungumzo yanaishia hapo. Kinachokula data ni picha. Feeder inakuruhusu kuzizuia zisipakuliwe isipokuwa kwenye Wi-Fi, na hata upakuaji wote ukitaka usubiri mpaka Wi-Fi ipatikane au simu iwe kwenye chaji.

Feeder ndiyo niliyoitumia muda mrefu zaidi, na naipenda kwa dhati. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ya bure, isiyo na matangazo, na haimfuatilii msomaji. Arifa unaziwasha kwa kila chanzo peke yake. Katika vyanzo 62 niliziwasha kwa vitatu tu, na simu ikatulia. Ina orodha ya maneno ya kuzuia: unaandika neno, na kila kichwa chenye neno hilo kinafichwa. Inaweza pia kuisoma makala kwa sauti, jambo lililonifaa nilipokuwa na kazi ya mikono. Upungufu wake ni kwamba haikusaidii kugundua vyanzo vipya. Usipojua unachokitaka utaukuta ukurasa mtupu. Binafsi nauona upungufu huo kuwa heshima kwa msomaji, lakini naelewa kwamba anayeanza anaweza kukwama hapo.

NetNewsWire ni ya vifaa vya Apple pekee, na ina historia ambayo programu chache za simu zinaweza kuidai. Brent Simmons aliitoa kwa mara ya kwanza kwa kompyuta za Mac mwaka 2002. Ikauzwa, ikapita mikononi mwa kampuni mbili, ikarudi kwake mwaka 2018, na tangu hapo imekuwa huria na ya bure. Toleo huria la iPhone lilitoka mwaka 2020. Ukiigusa makala inafunguka papo hapo, na orodha hata ikiwa ndefu inateleza bila kukwama. Inaweza kusawazisha kupitia iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, ili ulichokisoma kwenye simu kihesabiwe kuwa kimesomwa kwenye kompyuta pia, na inaweza kuunganishwa na Inoreader, Feedly au NewsBlur zikawa ndizo zinazokusanya, yenyewe ikabaki kuwa dirisha la kusomea. Muunganiko huo wa pili, yaani seva ya Inoreader na skrini ya NetNewsWire, ndio ulionipa usomaji bora kuliko yote niliyojaribu kwenye iPhone.

Kuhusu Feedly na Inoreader nitasema kwa ufupi, kwa kuwa zote mbili zinafanya vizuri kile zinachoahidi. Feedly ni rahisi zaidi kwa mgeni, kwani ukitafuta mada inakupendekezea vyanzo; mpango wake wa bure umeruhusu vyanzo 100 kwa miaka mingi. Inoreader, iliyoanzishwa Bulgaria mwaka 2013, inaruhusu 150 bila malipo, pamoja na matangazo, na wanaolipia hupata kanuni za kuchuja ambazo mtafiti au mwandishi wa habari atazithamini. Zote mbili zinazidi kuweka mbele huduma za akili mnemba za kufupisha na kupanga makala kwa umuhimu. Ninazizima. Nilizikimbia programu nyingine kwa sababu ya upangaji wa namna hiyohiyo, na sioni kwa nini niukaribishe upya kwa mlango mwingine.

NewsBlur, ambayo mpango wake wa bure unakomea vyanzo 64, ina njia tofauti ya kuchuja, na ningependa wengine waiige. Unaifundisha wewe mwenyewe, waziwazi: mwandishi huyu nampenda, lebo hii siitaki, neno hili kwenye kichwa linanivutia. Makala zinapata alama ya kijani au nyekundu kulingana na ulichokisema, na ukitaka kujua kwa nini makala fulani imefichwa unaiona sababu na unaweza kuibatilisha. Sura yake imejaa vitufe kuliko inavyofaa skrini ndogo, na mgeni atahitaji siku kadhaa kuizoea. Hata hivyo inathibitisha kwamba mashine inaweza kukusaidia kupunguza msongamano bila kukuficha inavyofanya kazi.

Kuna kero moja ambayo hakuna programu inayoweza kuimaliza. Tovuti nyingi, hasa za magazeti, huweka katika mlisho sentensi moja au mbili tu za kila makala, ili msomaji alazimike kuifungua tovuti na kuyaona matangazo. Silaumu, waandishi wanapaswa kulipwa. Feeder, NetNewsWire na Inoreader zinaweza kwenda kuichukua makala nzima kutoka kwenye ukurasa na kuisafisha, na hufaulu mara nyingi, ijapokuwa majedwali hupotea, na mara mojamoja aya ya kwanza hudondoka. Makala zilizofungwa kwa wanaolipia zitabaki zimefungwa, na ndivyo inavyostahili kuwa.

Suala la idadi ya makala ambazo hazijasomwa linahitaji uamuzi tangu siku ya kwanza. Juma la kwanza nilikuwa na zaidi ya makala 1,900 zinazonisubiri, na tarakimu hiyo juu ya ikoni ilinifanya niione programu kama deni. Nikaifuta tarakimu kwenye mipangilio, kisha nikavigawa vyanzo katika folda tatu: wanaoandika mara chache, ambao nawasoma wote; wanaoandika kila siku, ambao napitia vichwa tu; na magazeti makubwa, ambayo kila usiku nayatia alama ya kusomwa yote bila huruma. Tangu hapo nafika mwisho kila siku, kwa kawaida kwa dakika 25. Folda ya kwanza ndiyo iliyonirudishia hamu ya kusoma. Mtu anayeandika makala moja kwa mwezi hana nafasi kwenye mitandao ya kijamii, ambako anayezungumza zaidi ndiye anayeonekana. Katika programu ya milisho, makala yake inakaa pale ikikusubiri.

Limebaki la kuhama. Mwaka 2013 Google ilitangaza mwezi Machi kwamba inaifunga Google Reader, huduma yake ya kusomea milisho iliyokuwa ikitumika tangu 2005, na tarehe 1 Julai ikaifunga kweli. Miongoni mwa waliosalimika bila hasara ni wale waliokuwa wamehifadhi faili la OPML, ambalo ni orodha ya vyanzo vyote na folda zake, linalosomwa na karibu kila programu ya aina hii. Mimi niliwahi kupoteza orodha ya miaka minne katika programu nyingine, ambayo haikuwa na njia ya kuitoa, simu ilipoharibika. Kwa hiyo katika majaribio haya kitu cha kwanza nilichokifanya katika kila programu ni kukitafuta kitufe cha kutoa orodha, na programu tano zote nilizozitaja zinacho. Orodha yangu ilihama kutoka moja hadi nyingine kwa chini ya dakika moja. Kumbuka tu kwamba OPML hubeba vyanzo peke yake. Makala ulizoziwekea nyota hazimo, na hata programu maalumu za kuhifadhi makala zinaweza kuondoka, kama ilivyofungwa Pocket mwezi Julai 2025. Makala ninayotaka kuirudia baada ya mwaka sasa naihifadhi kama faili ndani ya simu, na nakala yake kwenye kompyuta, siku ileile ninayoisoma.