Simu niliyoipendea picha, na mkono wangu wa shoto

Simu hii ninayo mwezi wa kumi na moja sasa, na jina lake sitalitaja. Siogopi mtu. Ni kwamba nusu ya shida za mtandao nilizopata nayo nilijitafutia mwenyewe, robo akanitafutia fundi, na robo iliyobaki ndiyo ya waliotengeneza. Nikitaja jina, wasomaji watawabebesha wao mzigo wote.

Miezi minne kabla haijatoka, mpwa wangu alinirushia picha zake WhatsApp. "Shangazi, imevuja hii, angalia." Mgongo wa kioo, kamera tatu zimepangwa wima, ukingo wa chuma unaozunguka simu nzima. Hazikuwa picha za kamera. Ilikuwa michoro ya kompyuta, ile inayochorwa kutokana na vipimo vinavyowafikia watengeneza makava ili siku simu inatoka, kava liwe tayari dukani. Nikaipenda hivyo hivyo ikiwa mchoro. Kazini tuna mchezo wa kina mama, nikaomba zamu yangu isogezwe mpaka mwezi inapotoka, na walivyo wema wakakubali.

Miezi yote minne tulibishana mimi na mpwa wangu: ina tundu la hedifoni au haina, rangi ya kijani itafika Kariakoo au itaishia Dubai, kamera ya tatu ni ya kweli au pambo. Kama inashika mtandao vizuri, hatukuuliza hata siku moja.

Na mimi ndiye niliyetakiwa kuuliza. Mwaka 2010 nilikuwa mwanafunzi pale Mlimani, na sakata la iPhone 4 nililifuatilia kama wenzangu walivyofuatilia tamthilia, ingawa hela ya kuinunua sikuwa nayo hata ndotoni. Mhandisi wa Apple aliisahau simu ya majaribio kwenye baa moja mjini Redwood City, California, ikiwa imevalishwa kava la kuifanya ionekane iPhone 3GS ya kawaida. Ikaishia kwa Gizmodo, tovuti ya habari za teknolojia, ambao walitoa dola 5,000 kuipata, na tarehe 19 Aprili dunia nzima ikaiona imefunguliwa mpaka matumbo.

Antena ilikuwa pale pale kwenye picha. Ukingo wa chuma cha pua ulikuwa na mistari myeusi inayoukata, na kuna waliosema simu hiyo feki, maana Apple hawawezi kuacha mikato ya ovyo namna ile kwenye kitu chao. Tarehe 7 Juni Steve Jobs, bosi wa Apple wakati huo, akapanda jukwaani, akatania kwamba kama mmeshaiona mnisimamishe, kisha akaigusa mistari ile mwenyewe. Vipande vya ukingo ndiyo antena, kimoja cha Wi-Fi, Bluetooth na GPS, kingine cha mtandao wa simu. Akaisifia kama uhandisi wa hali ya juu. Ukumbi ukapiga makofi, na sisi tuliokuwa tumebanana kwenye kompyuta moja ya maabara tukapiga pia.

Ilianza kuuzwa tarehe 24 Juni, na malalamiko yakaanza siku hiyo hiyo. Ukiishika kwa mkono wa kushoto, kiganja kikafunika mkato wa chini upande wa kushoto, vijiti vya mtandao vinashuka kimoja kimoja. Ngozi ya mtu ina maji na chumvi, inapitisha umeme. Ukigusa pale unaviunganisha vipande viwili vilivyotakiwa vikae mbalimbali, na antena inatoka kwenye masafa iliyopimiwa. Mteja mmoja alimwandikia Jobs barua pepe, na jibu alilopata kwa ufupi lilikuwa: epuka kuishika hivyo.

Hapo nilicheka mpaka nikajiinamia. Mimi ni mtu wa shoto. Nimelelewa Tanga kwa bibi, na utoto wangu wote uliimbwa wimbo huo: usile kwa mkono huo, usimpe mtu kitu kwa mkono huo, usishike hivyo. Kumbe hata California wana bibi.

Basi nirudi kwenye simu yangu. Nakaa Goba, huku kwenye vilima na mabonde, nyumba ya mabati. Wiki ya kwanza nikipiga simu nikiwa sebuleni, sauti ya mtu inakatika katika kama anazungumza kwenye feni. Nikamlaumu mnara. Nikalaumu bati, na kweli bati lina sehemu yake, maana ukitoka barazani mambo yanakuwa afadhali. Jirani akaniuzia stika ya dhahabu ya kubandika chini ya kava, eti inaongeza mtandao, shilingi elfu mbili. Sitasema zaidi kuhusu stika.

Kilichonifumbua macho ni laini. Siku moja nilichomoa laini yangu nikaiweka kwenye simu ya mume wangu, kitu cha zamani chenye kioo kilichopasuka, mgongo wa plastiki. Nikakaa kiti kile kile. Ikaongea dakika ishirini bila kukwama. Mnara ule ule, bati lile lile, laini ile ile. Mume wangu hakusema kitu, aliichukua simu yake tu akaifuta kwenye shati.

Nikaacha kuangalia vijiti. Vijiti ni mapambo, kila mtengenezaji anavipanga anavyotaka. Hili nalo nililijua tangu 2010: tarehe 2 Julai Apple walitoa barua wakikiri kwamba hesabu waliyotumia kuonyesha vijiti ilikuwa na makosa, mara nyingi simu ilionyesha vijiti viwili zaidi ya inavyostahili. Kwa hiyo mtu aliona vitano vikianguka mpaka kimoja, wakati tangu mwanzo hakuwa na vitano. Wiki mbili baadaye wakarekebisha programu. Simu ikawa inasema ukweli zaidi, lakini mkato ukabaki ulipo.

Ukitaka kujua hali halisi, tafuta namba. Kwenye simu nyingi za Android ingia mipangilio, kuhusu simu, kisha hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba hasi na herufi dBm. Ikisogea kuelekea sifuri ni nzuri zaidi. Hasi 85 huna la kulalamika. Ukifika hasi 110 na kuendelea unabahatisha. Na namba hizi haziendi kama ngazi za nyumba. Kila ukishuka 3, nguvu imepungua nusu, na ukishuka 10 umebaki na sehemu moja ya kumi.

Yangu mezani, bila kava, ilisoma hasi 94. Nikaishika kwa kulia, hasi 99. Nikaishika kwa shoto kama ninavyoshika siku zote, kidole kidogo kikiegemea chini karibu na tundu la chaji, hasi 108. Nikavalisha kava langu, lile lenye kibati ndani cha kunasia kwenye sumaku ya gari: hasi 113. Tofauti ya 19 kati ya meza na mkono wangu ukiwa na kava. Maana yake katika mawimbi yaliyokuwa yakinifikia, nilikuwa natumia kama sehemu moja ya themanini, zilizobaki nazizuia mwenyewe.

Hakuna simu isiyopungua ukiishika, na hilo Apple walilitetea kwa haki. Siku ya mkutano wao na waandishi, tarehe 16 Julai 2010, walionyesha simu za wengine nazo zikishuka. Ila tovuti ya AnandTech ilikuwa imeshapima: iPhone 4 ikibanwa sana mkononi ilipoteza karibu desibeli 24, yaani 24 kwa namba zile zile za dBm, Nexus One ya Google ya wakati huo karibu 18, na 3GS iliyoitangulia karibu 14. Nao Consumer Reports, jarida la Marekani linalopima bidhaa, walikuwa wamesema tarehe 12 kwamba hawawezi kuipendekeza simu hiyo, wakashauri mtu abandike kipande cha mkanda juu ya mkato. Simu ya bei ile, ibandikwe kama daftari la darasa la pili. Mwisho Apple wakagawa bure makava ya mpira yaliyokuwa yakiuzwa dola 29. Mpira unatenganisha ngozi na chuma, basi. Jobs alisema waliorudisha simu ni asilimia 1.7 tu, na sishangai, mtu akishapenda amependa. Mimi mwenyewe yangu sikuirudisha.

Kava la kibati nikampa mtoto achezee. Nikanunua la mpira laini, elfu tano, na kwa shoto ikawa inasoma hasi 101 mpaka 102. Nikaongea na mama yangu Tanga nusu saa nzima. Nikafikiri kesi imekwisha.

Mwezi wa saba nikiwa nayo, sistimu chaji, yaani pale pa kuchomeka chaja, ikaanza kulegea, chaja mpaka uishikilie kwa pembe fulani. Nikaipeleka kwa fundi wa karibu, kijana mmoja, akabadilisha nikisubiri. Inachaji vizuri, nikalipa, nikaondoka. Jioni, nyumbani, hasi 117. Mtandao unakuja na kuondoka. Usiku "Hakuna huduma".

Nilirudi kwake asubuhi. Akaniambia, "Mama, mimi nimebadilisha chaji, mtandao sijaugusa." Na aliamini kabisa alichokisema. Nikatafuta fundi mwingine, huyu wa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kaka mtu mzima mwenye miwani ya kukuza iliyofungwa kichwani. Sikumweleza chochote zaidi ya "mtandao hamna".

"Ilifunguliwa lini?"

"Juzi. Sistimu chaji."

Akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia mgonjwa alianzia kwa mganga. Akaipasha moto mgongo, akaufungua, akanigeuzia nione. Bodi kubwa iko juu, na ile ndogo yenye tundu la chaji iko chini, na antena kuu nayo iko huko huko chini. Baina yao kuna waya mweusi mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, unapita kando ya betri, na kila mwisho una kitufe kidogo cha shaba cha kubonyeza. Kitufe cha chini hakikubonyezwa kikaingia. Kilikuwa kimelalia tu pembeni ya mahali pake. Na kwa kuwa mfuniko ulirudishwa juu yake kwa nguvu, waya ulikuwa umekunjika pembe kali.

"Huu ndio mtandao wako, dada. Alikuwa anabadilisha bodi ya chini, lazima auchomoe. Kuurudisha ndiyo kazi." Akaweka waya mwingine alioutoa kwenye simu mbovu ya aina hiyo hiyo, akasafisha kwa spiriti vile vijisumaku, samahani, si sumaku, ni vijipini vya chuma vinavyochomoza kugusa ukingo. Vikichafuka au vikilala, ukingo wa chuma unakuwa pambo tu. Elfu kumi na tano. Kabla sijalipa nikafungua mipangilio pale pale kibandani: hasi 83. Kariakoo minara imejaa, sikujisifu sana. Nyumbani, mezani, hasi 93, moja zaidi ya ilipokuwa mpya.

Ile robo ya waliotengeneza, basi. Antena kuu imewekwa chini kabisa, mahali ambapo mtu wa shoto anaegemeza kidole, na hakuna ya pili ya kuisaidia inapofunikwa, kwa jinsi namba zangu zinavyojieleza. Dawa ya hili ilijulikana zamani. iPhone 4S iliyotangazwa tarehe 4 Oktoba 2011 ilikuja na antena mbili za kupokea na kutuma, simu yenyewe ikihamia ile isiyofunikwa. Kwa macho ilikuwa karibu sawa na iPhone 4, na watu wengi waliinunia kwa sababu hiyo. Mwaka mzima uvumi ulikuwa umewaahidi iPhone 5 nyembamba yenye umbo la tone la maji, mpaka kuna watengeneza makava waliozalisha makava ya simu ambayo haikutoka. Kilichokuwa kimebadilika hakikuwa kitu cha kuvuja kwenye picha.

Kwa kamera simu hii naipa tisa kwa kumi. Betri saba, inafika jioni kama sikushinda TikTok. Mtandao naipa tano, sita nikiwa barazani. Nikiulizwa kama ningeinunua tena, ningeinunua, lakini ningeanza kwa kumwomba muuzaji anifungulie ile ya maonyesho, nichomeke laini yangu, niishike kwa shoto na kusoma namba mbele yake. Muuzaji anayekataa ana simu nyingine za kuuza na mimi nina maduka mengine ya kuingia.

Jana mpwa wangu kanitumia picha za toleo lijalo. Rangi ya udongo, nzuri kweli. Nimeikuza picha mpaka ikawa vigae, nahesabu mistari kwenye ukingo. Naona minne. Mmoja uko chini kushoto.