Shisha ya tumbaku au ya mimea isiyo na nikotini: kwa kijana anayevuta mara mojamoja

Kinachozitofautisha ni nikotini tu. Ukivuta ya tumbaku, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, mapigo ya moyo yakaongezeka na presha ikapanda. Asiyeizoea huona kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jembamba. Baada ya saa 2 hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu, lakini ubongo unaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na unajifunza uraibu upesi. Ndiyo maana "wikendi tu" hugeuka "na Jumatano pia". Maji ya chupa hupoza moshi na kunasa sehemu ya nikotini, lakini inayobaki inatosha kuleta uraibu.

Ya mimea haina mtego huo. Hapo sifa zake zinaishia. Juu ya kichwa cha shisha unawaka mkaa uleule, nao hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mvuto mmoja wa shisha hubeba takriban nusu lita ya moshi au zaidi. Wa sigara ni kama mililita 50. Lami nayo, ule uchafu unaonata wa moshi, ipo pale pale.

Kichwa kikigonga au ukilegea, wengi husema "nikotini imepanda". Kwenye shisha ya mimea kisingizio hicho hakipo: ni gesi ya mkaa. Toka nje mara moja, usirudi. Akizimia mtu, apelekwe hospitali.

Kwa kukwepa uraibu, ya mimea ina nafuu. Kwa mapafu na moyo, sioni ya kuchagua.