Mikwaruzo ya volyumu: fundi aliyeuliza kabla ya kushika bisibisi

Miezi mitatu nimeendesha Corolla 110 yangu bila kugusa sauti ya redio. Naipanga nikiwa Mbagala, naiacha hivyohivyo mpaka Posta. Nikithubutu kuizungusha, spika zinakwaruza kama mtu anaparua ukoko kwenye sufuria, upande wa kushoto unakata, kisha unarudi kwa kishindo. Mke wangu alishapiga marufuku: "Baba Neema, iache."

Fundi wa kwanza, Kinondoni, hata hakuiwasha. Alichungulia dirishani, akacheka kuona redio ya kanda, akanitajia 280,000 kwa redio ya skrini, kufunga humohumo. Nikamuuliza, je, kama ubovu uko kwenye spika au nyaya? "Bosi, kitu kipya hakisumbui." Nikaondoka.

Nikaelekezwa Gerezani, kwa kijana mwenye meza moja na mwavuli, kazi yake redio tu. Huyu alianza kwa maswali. Inakwaruza ukizungusha tu, au hata ukiiacha? Na injini ikiwa imezimwa je? Akaniambia niweke funguo kwenye ACC, pale redio inawaka injini ikiwa imezimwa, nizungushe polepole. Ikakwaruza. Tukawasha injini, nikakanyaga mafuta: hakuna mluzi unaopanda na resi, kwa hiyo altaneta, ile inayochaji betri, na waya wa negativu akaziacha. Akapeleka sauti kushoto, kulia, mbele, nyuma. Spika zote nne zinakwaruza palepale, robo ya kwanza ya mzunguko. Nne haziwezi kufa sehemu moja. Akatumbukiza kanda, kelele ileile. Basi antena haimo, wala ile ekspanda, kifaa cha kuiwezesha redio kushika stesheni za hapa, tunayofunga kwa kuwa redio za Japani za zamani FM yake inaanzia 76 na kuishia 90.

Ilibaki volyumu yenyewe. Ndani yake, alivyonionyesha baada ya kuifungua, kuna utepe wa kaboni na kijiulimi cha chuma kinachoteleza juu yake. Upande wa kushoto una wake, wa kulia una wake. Vumbi na unyevu vikiingia, kijiulimi kinarukaruka, na kila kuruka ndio mkwaruzo. (Miaka miwili nililaza gari Kigamboni, jirani na bahari. Sikushangaa.) Redio mpya nyingi hazina utepe huo, swichi yake inatuma hesabu tu, na ikichafuka haikwaruzi: unapandisha sauti, yenyewe inashuka.

Hapo nikakiri kwamba nilishawahi kupulizia kwenye mwanya ile spirei ya kulegeza nati zenye kutu. Akatikisa kichwa. Ile inaacha mafuta, na mafuta yanashika vumbi. Yeye alitumia spirei ya kusafishia kontakti, akaizungusha volyumu mwanzo mpaka mwisho kama mara thelathini, akaiacha ikauke. Kisha akanipa tahadhari ambayo wengine wangeificha: ikirudi, ujue kuna kapasita, kipuri kidogo cha kuzuia umeme wa DC (ule kama wa betri), inayouvujisha mpaka kwenye volyumu, na hapo hata usafishe kila siku ni kazi bure.

Alichukua 25,000. Nilichokereka nacho ni kusubiri saa tatu juani, maana anahudumia watu wanne kwa wakati mmoja, na alivunja kipini kimoja cha plastiki akitoa dashibodi.

Wiki ya sita mkwaruzo ulirudi, mdogo, wa kusikia ukitega sikio. Nikarudi Gerezani nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alinikumbuka. Akabadilisha kapasita mbili, akachukua 10,000 bila kudai ya ufundi, na tangu hapo naizungusha mpaka mwisho, kimya. Jumla 35,000, na redio yangu ya kanda iko palepale.

Kile kipini aliahidi kunitafutia Shauri Moyo. Bado nakisubiri.